Mchana wa Mume Wangu

Mume wangu alichora bonde lililo nyuma ya nyumba yetu, na watu wakaisifia picha hiyo hadi nikaingiwa na hofu. Mwenye duka la picha alikuja nyumbani, akasimama mbele ya picha muda mrefu. Mwishowe akashusha pumzi.

"Mzee wangu, huzuni hii umeitoa wapi? Anga zito, maji meusi, miti imeinama kama wafiwa. Nichoree nyingine kama hii."

Mume wangu akacheka. Namjua, kile hakikuwa kicheko chake.

Mgeni alipoondoka, akaniita. "Mama watoto, picha hii ina giza?"

"Giza totoro."

"Mimi nimechora mchana."

Nikaitazama picha upya. Yeye huchora kwa tabaka: anapaka rangi nyembamba, anaifuta kwa kitambaa pale anapotaka mwanga, anaiacha ikauke, kisha anapaka tena. Kumbe siku hizi alikuwa hafuti. Alidhani mwanga upo, akawa anaufunika tabaka kwa tabaka.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba wataanza kulipasua moja. Mume wangu, mbishi asiyeogopa mtu, akanywea kwenye kiti.

"Wakikosea je? Sasa angalau naona."

"Unaona nini?" nikamfokea. "Bonde zima umelizika!" Nilikuwa mkali kwa sababu niliogopa kuliko yeye.

Siku bandeji ilipotolewa, hata chai hakutaka. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha, akarudi nyuma kwa kishindo.

"Nani kafa hapa?"

Akafunika jicho lililopona kwa kiganja, akatulia. Akalifunua, uso ukamsawijika. Akalifunika tena.

"Mwenye duka anataka nyingine kama hii," akasema polepole. "Na jicho bovu ndilo linalojua kuichora. Tuliache?"

Nilimwona mawazoni akibaki hivyo, amejiziba mwenyewe, akisifiwa mpaka jicho lile lipofuke kabisa. Nikakishika kiganja chake, nikakibandua usoni.

"Niangalie mimi, siyo picha."

Akaniangalia. Akapeleka vidole kichwani kwangu, akazigusa nywele zangu.

"Twende wakalitibu na hili," akasema. "Kumbe nimekaa gizani mpaka umeota mvi."