Tulivyompa Baba dawa kwa king'ora cha reli, Makongeni

Wakuu, habari za jioni.

Mimi huwa napita humu kimya, nasoma, nacheka, naondoka. Lakini juzi kuna mtu aliuliza namna ya kumtunza mgonjwa wa kansa nyumbani, nikaona nikinyamaza nitakuwa mchoyo. Haya yalitokea nyumbani kwetu, nami nilikuwepo, sijaongeza chumvi. Mwenye chai avute kiti.

Ni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulikuwa tunaishi Makongeni, zile nyumba za reli. Baba alikuwa gadi wa treni ya mizigo, yule anayekaa behewa la mwisho na firimbi yake ya kuruhusu treni iondoke. Mkamba wa Machakos, mrefu, maneno machache. Mimi ni binti yake, nilikuwa mtu mzima tayari, nashona nguo kwa cherehani hapohapo nyumbani.

Kansa ikamshika tumboni. Hospitali wakampasua, wakamshona, daktari akatuita pembeni akasema tumpeleke nyumbani. Sisi mambo ya hospice, pale wanapotunzwa wagonjwa wasiopona, hatukuwa tumeyasikia. Hospice yetu ilikuwa kitanda cha Baba kando ya dirisha, Mama, na mimi.

Tulipewa chupa ya kahawia, morphine ya maji, dawa ya maumivu makali. Tukapewa pia dawa ya kulainisha choo, maana morphine inafunga choo vibaya sana. Hili watu wengi hawaambiwi, wanakuja kuhangaika baadaye.

Maelekezo yalikuwa rahisi. Asubuhi, mchana, jioni, na ya kulalia. Daktari akasisitiza: "Msingoje maumivu yaanze. Yakishatangulia, mtayakimbiza na hamtayapata."

Sasa, nieleweni. Mtu wa Makongeni wa siku zile hakuhitaji saa.

Workshop ya reli ilikuwa na king'ora. Kinalia asubuhi watu waingie kazini, kinalia saa ya lunch, kinalia jioni wakitoka. Mtaa mzima uliishi hivyo. Maharagwe yanabandikwa kwa king'ora, watoto wanaogeshwa kwa king'ora. Saa ya ukutani tulikuwa nayo, zawadi ya harusi ya wazee, lakini ilikuwa pambo tu, ilishasimama zamani.

Basi Mama akaamua: king'ora kikilia, Baba anakunywa. Ile ya kulalia ni baada ya maombi. Nani angesahau?

Na ilifanya kazi, wakuu. Mtu aliyekuwa anauma shuka hospitalini akaanza kuegemea mto na kusikiliza redio. Kichefuchefu kilimsumbua siku za kwanza, kikapungua. Mdomo ulikuwa unakauka, tukawa tunamlowesha midomo kwa pamba na maji. Papai kila asubuhi, choo kikafunguka. Akapata hata nguvu za kunichokoza: "Mwende, hiyo unashona ni rinda ama ni hema?"

Nilifurahi sana. Nilijua anaondoka, lakini nilifurahi.

Isipokuwa Jumapili.

Jumapili alikuwa mtu mwingine kabisa. Jasho, magoti kifuani, uso ukutani. Jumatatu mchana ametulia tena. Wiki ijayo, Jumapili, vilevile.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mimi nililaumu nyama. Uncle Musyoka, mdogo wake Baba, alikuwa anapitia soko la nyama la Burma kila Jumapili na kutuletea nyama choma na supu. Baba alikuwa anaonja supu tu, lakini nikasema ndiyo hiyo. Nikamnunia Uncle bure.

Akina mama wa fellowship ya Mama kanisani wao walikuwa na maelezo mazito zaidi. Kwamba ile ni dawa ya kulevya, na siku ya Bwana mwili wa mtu wa Mungu unaikataa.

Maneno hayo yalimwingia Mama. Akaniambia, "Mwende, hii dawa Mungu haitaki. Si unaona vile inamfanya siku Yake?"

Uncle naye akaleta lake. "Nimeshaongea na mwenye pickup. Jumanne tunampeleka nyumbani Machakos. Kuna mtu wa mizizi huko. Hiyo chupa ibaki hapa."

Mama akakubali.

Nilipokuwa nambadilishia Baba shuka akanishika mkono. Akasema polepole, "Mwende, wasiniondolee hiyo chupa." Huyo mzee hakuwa amewahi kuniomba kitu maishani, hata maji ya kunywa alikuwa anajichotea. Nilitoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo nikijifanya naanua. Nitawashindaje Mama na Uncle? Kwa heshima za kwetu, wakishaamua wao, mimi ni wa kufunga mizigo.

Jumatatu, siku moja kabla ya pickup kuja, ilikuwa sikukuu ya kitaifa. Mama hakwenda kanisani. Nyama hakuna, wageni hakuna. Mimi nashona, yeye anapika.

Kabla hata ya mchana Baba akaanza kutokwa jasho. Magoti yakapanda kifuani. Akageukia ukuta.

Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Lakini leo si Jumapili."

Tukaangaliana.

Baba, macho ameyafumba, akauliza, "Kwani hawa watu wa workshop leo hawajaenda kazi?"

"Wuui!" Mama aliketi chini palepale, mwiko na ugali wake.

Mmeona, wakuu? King'ora hakilii Jumapili wala sikukuu. Jumamosi wanafanya kazi nusu siku, kwa hiyo hata cha jioni hakuna. Hakuna aliyeamua kumnyima. Tulikuwa tunaamka, tunakimbilia kanisani, na masikio hayajasikia kitu. Tunakumbuka dawa akiwa ameshazidiwa, na hapo ni kukimbiza maumivu, kama daktari alivyosema.

Na Baba mwenyewe kwa nini hakuuliza? Mama alimuuliza hivyo jioni, alipopata nafuu. Akajibu, "Nilidhani daktari alisema dawa ipumzike Jumapili."

Mama alicheka huku analia.

Pickup ilikuja Jumanne. Mama akaiendea nje mwenyewe. "Musyoka, rudisha gari ya watu. Mzee haendi mahali."

"Na yale mlikuwa mnasema na fellowship?"

"Fellowship iko kwa kanisa. Huyu ako kwa kitanda yangu."

Uncle akamlipa mwenye gari pesa ya mafuta, akaingia ndani kunywa chai.

Saa ya harusi ikapelekwa kwa fundi wa saa mtaa wa Kaloleni, ikarudi inatembea. Na Jumapili iliyofuata Mama akatoa firimbi ya Baba kwenye koti la kazi. Saa ya dawa ilipofika akasimama mlangoni akapuliza kwa nguvu, mtaa mzima ukageuka. Baba alicheka mpaka akashika tumbo. "Pole pole, Mama Mwende. Utaondoa treni ya watu."

Ikawa desturi. Jumapili na sikukuu, gadi ni Mama. Majirani walimtania, hakujali.

Baba alikufa Jumapili, alasiri, redio ikiongea. Dawa ya mchana alikuwa amekunywa. Uso ulikuwa umelegea kama wa mtu anayesinzia, na kwa hilo mimi namshukuru Mungu mpaka leo.

Kufika jioni nyumba ilijaa watu, wanaimba. Katikati ya wimbo Mama akaangalia saa ukutani, akaona ni saa ya dawa ya jioni, akainuka, akaenda mlangoni, akapuliza firimbi.

Wimbo ukakatika. Uncle Musyoka akavua kofia. Hapo ndipo nililia.

Nilichojifunza: mgonjwa wa namna hii hangojwi alalamike ndipo apewe dawa ya maumivu, anapewa saa ikifika. Msilaumu chakula, wageni wala Mungu kabla hamjajua dawa ya mwisho aliinywa saa ngapi. Na muulizeni mwenyewe anaelewaje maagizo, hasa akiwa wa maneno machache.

Mliowatunza wazazi wenu, tupeni yenu hapa chini, hata ya kunikosoa nitasoma. Lakini kama una mgonjwa hapo nyumbani, usinijibu kwanza. Angalia saa.