Joka la Upepo Nyumbani kwa Radojka

Maisha yake yote Radojka alifanya kazi katika ghala la baridi pale mjini Arilje, Serbia, akichambua matunda ya rasiberi yaliyoganda kama kokoto, na hakuwahi kupiga hata chafya. Lakini thubutu kufungua dirisha huku mlango uko wazi! Atakurupuka kitini kama aliyekalia kaa la moto. Upepo unaopita kati ya matundu mawili, kwa imani yake na ya mtaa mzima, unapinda shingo na kuua figo.

Mjukuu wake Relja, mzaliwa wa Vienna, hizo habari hakuwa nazo. Mwaka jana, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa nyumba yao, mtoto alifungua dirisha, bibi akafunga. Akafungua, akafunga. Hawakuambiana neno, maana mtoto Kiserbia hakijui, na Kijerumani cha bibi kilikuwa "kula" na "kula tena". Walipokuwa wakiondoka, Relja alimnong'oneza mama yake kwamba bibi ni mkali, na yeye hataki kuja tena. Radojka akaomba atafsiriwe. Akacheka. Kisha akaenda uani kupasua kuni ambazo zilikwisha pasuliwa.

Ndiyo maana vuli hii alimnasa Tijana, binti wa jirani anayesoma Kijerumani shuleni.

"Nifundishe, mwanangu, kabla ya siku ya Mtakatifu Nikola."

"Lakini bibi, mwalimu wetu anatufundisha vitenzi kwa sentensi za majoka na wachawi tu. Anasema kitenzi bila hadithi hakisimami."

"Basi yalete hayo majoka."

Wakaketi jikoni wakichoma pilipili hoho nyekundu za kuhifadhi, Tijana akisoma, Radojka akirudia huku akimenya maganda. Joka lilinyemelea ngome. Jitu lilibugia mbuzi watatu. Mchawi alifoka mpaka ndevu zikashika moto.

"Kunyemelea si ndiyo kwenda?"

"Ni kwenda, bibi, lakini kwa nia mbaya."

"Aa! Kama jirani Milunka anavyokuja kuazima sukari."

Tijana nusura adondoshe pilipili. Tangu hapo kila kitenzi kikapata mwenyewe: kufoka kulikuwa kwa marehemu mumewe, kugaagaa kwa nguruwe, kubugia kwa padri, Mungu amsamehe.

"Na 'tafadhali funga dirisha' husemwaje?"

"Huko hatujafika. Bado tumezingira ngome."

"Basi nipe japo figo. Bila figo siwezi kujieleza."

Tijana akampa figo.

Siku ya Mtakatifu Nikola nyumba ilijaa. Wageni walionja ngano tamu ya kuchemsha, chakula cha sikukuu hiyo, mshumaa ukawaka, jiko la kuni likanguruma. Relja, aliyeletwa kwa kubembelezwa, alikaa pembeni na koti lake mwilini, uso mwekundu kwa joto. Mara akainuka, akafungua dirisha. Wakati huohuo mjomba wake akaingia na kuni na kuuacha mlango wazi. Mwali wa mshumaa ukalala ubavu. Wageni wote wakashika shingo zao.

"Upepo!" akalia Milunka. "Radojka, tunakufa!"

Radojka alikwisha fika dirishani, mkono umenyooka. Akamwona mtoto anakunja uso kama mwaka jana. Mkono ukasimama hewani.

"Shujaa!" akasema kwa Kijerumani, sauti nzito. "Joka linanyemelea ngome!"

Relja akageuka. "Joka gani?"

"Joka... upepo. Linabugia figo!"

"Figo?"

"Figo," akathibitisha bibi, akiwaonyesha wageni kwa kidole.

Mtoto akawatazama wazee wale walioshika shingo, macho yamewatoka. Akalibamiza dirisha.

"Limeingia?" akanong'ona.

Radojka akanyooshea kidole mlango. "Joka!"

Relja akachomoka mbio, akaubana mlango kwa mgongo, nusura ambanie mjomba vidole. Kisha akavua koti, akavuta kiti mpaka ubavuni kwa bibi yake.

"Halafu?"

Halafu? Jasho likamtoka Radojka. Akamtupia jicho Tijana. Tijana alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha meza, mabega yanacheka.

"Halafu," akasema bibi polepole, "jitu lilibugia mbuzi watatu."

"Kwa nini?"

Bibi akaichungulia meza. Akamsogezea sahani ya madonge ya nyama yaliyofungwa kwa majani ya kabichi.

"Kula."

Relja akatumbukiza donge zima kinywani, mashavu yakavimba.

"Nabugia, bibi!"

"Bugia tena," akasema Radojka.