Senene wa Ziada

Leo sokoni Uvira nimenunua kopo la senene bila hata kubishana bei. Harufu yao wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe ilinishinda.

Wakati wa uasi mimi, baba, mama na shangazi tulikimbilia Bwegera, karibu na mashamba ya mpunga. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, na maziwa hayakutoka. Asubuhi moja shangazi na mimi tulikamata senene ishirini na mmoja. Nilihesabu mara mbili. Mmoja, jike, alikuwa na donge jeupe mkiani, naye amejikunja akilitafuna. Nikataka kumtupa.

"Weye, acha!" shangazi akasema. "Haiko mugonjwa. Bwana yake amemupa ile donge wakati ya kupandana. Ni chakula, apate nguvu ya mayai. Mwanaume mwenyewe anabakia mwepesi kama jani."

"Basi tugawane watano watano," nikasema, "huyu wa ziada apewe mama."

"Na minye niliyemukamata?"

"Utalamba chumvi, shangazi."

Alicheka, akakubali.

Tulipoanza kula nikahesabu tena. Mama alikuwa na kumi na mmoja. Baba hakuwa na hata mmoja, akikaza mshipi tu.

"Minye nimeshiba," akasema.

Shangazi akamtazama. "Huyu naye ni jani."

Nikamsukumia baba wawili wangu. Akanirudishia mmoja, na hapo hakutaka mabishano.

Siku ya tatu mdogo wangu alinyonya hadi akalala, maziwa yakimtiririka kidevuni.