Siku Niliyotema Kahawa ya Mama Riziki

Nitawaelezea, ijapokuwa ni aibu yangu mwenyewe, na hasira bado ninayo na sina wa kumutupia isipokuwa mimi (na kidogo yule mwalimu wa Butembo, aliyetufundisha wiki nzima kuonja kahawa: ivute kwa kijiko na kelele, izungushe mudomoni, iteme, bila kutuambia hata mara moja ni wapi usiteme).

Nilifika Karuba kutafuta kahawa ya kununua, na Mama Riziki, mujane mwenye miti yake kule juu, akakataa nitazame punje tu, akaikaanga mwenyewe kwenye sufuria, akaitwanga, akaichemsha, na majirani wakakusanyika kusikia mununuzi atasema nini, maana wao wanailima lakini ni wachache wanaoinywa. Ningekunywa tu kama muntu, yangeisha. Lakini nilitaka waone kwamba nimesoma, nikaivuta kwa mulio wa bomba lenye hewa, nikafumba macho, nikaitema chini, karibu na miguu yake.

Munajua kwetu kutema kinywaji cha muntu mbele ya watu kunamaanisha nini: kwamba ametia sumu (hata mimi nilijua, njo maana najikasirikia).

"Papa," akaniuliza polepole, "niliweka nini ndani?"

Nikaanza kujieleza, na kwa ujinga nikajieleza kwa Kifaransa, eti kahawa yake ina asidi nzuri (ndivyo sisi wanunuzi tunavyosifu uchachu wa kahawa), na muzee mumoja akawatafsiria wengine kwamba nimesema iko na asidi, ile ya betri. Jirani yake aliyekuwa ameshika kikombe akakimwaga. Mama Riziki akachukua changu, akakunywa chote akiwa amesimama, akakipindua wote waone, kisha akaniambia niende.

Nilienda. Baada ya siku chache nikasikia kwamba watu hawapokei tena hata maji kwake, na hapo hasira ikazidi kweli, maana aibu ilikuwa yangu na adhabu ikawa yake.

Jumapili nikarudi, watu wakitoka kanisani, nikamuomba kahawa. Akaitayarisha bila kunisalimia. Nikakunywa vikombe vitatu vya moto hadi ulimi ukaungua, huku nikiwaeleza wote, kwa Kiswahili safari hii, kwamba mupumbavu ni mimi.

"Fungua mudomo," Mama Riziki akasema.

Nikaufungua, mimi baba wa watoto wanne, kama mutoto anayepewa dawa ya minyoo, na yeye akachungulia ndani bila kucheka. Halafu yule jirani akanyoosha mukono, akaomba kikombe.

Ilikuwa kahawa tamu kuliko yote niliyoonja mwaka ule. Hakuniuzia hata kilo moja, na alifanya vizuri. Siku hizi nikipewa kikombe juu ya mulima nameza, ikiwa na moshi ao imeungua, nameza na kusema aksanti. Kutema, nitatema nyumbani kwangu, mulango umefungwa.