Swali Lililofungua Depo

Nilimwonea wivu kabla hata hajapanda pikipiki ya safari. Shefu wetu alipotangaza nani atakwenda Kindu kufundishwa namna ya kulinda simu na kompyuta za kazini, mimi nilikuwa nimekwisha kupiga pasi kitenge cha kuvaa. Nani mwingine angekwenda? Depo hii ya dawa hapa Kasongo nilianza kazi ikiwa bado haina mlango. Akatajwa yeye, msaidizi wangu, msichana aliyekuwa bado ananiuliza ufunguo upi ni wa kufuli lipi. Nilipiga makofi kuliko wote, ili mtu asinitazame usoni.

Alirudi na begi jipya mgongoni na kadi ya semina shingoni. Asubuhi ile ile, kwenye pompi ya maji nyuma ya ofisi, nikamwambia mama mwuza mandazi, “Walimuchagua juu ya meno yake meupe. Akili yenyewe haiko.” Tukacheka, nikajitwisha ndoo yangu, nikajisikia mwepesi mpaka saa sita.

Saa sita akatukusanya kutufundisha. Alisema siku hizi mashine ikisikia ujumbe wako mmoja tu wa sauti, inaweza kusema chochote kwa sauti yako, hata mama yako asijue. Kwa hiyo dawa haitatoka tena depo kwa sauti peke yake. Kila mmoja amnong'oneze neno lake la siri, neno ambalo hajawahi kuliandika kwenye simu. Shefu akatangulia, wenzangu wakapanga foleni sikioni mwake. Mimi nikakunja mikono.

“Yaya, na weye? Neno yako iko nini?” akaniuliza; yaya kwetu ni dada mkubwa.

“Sauti yangu inatosha. Kasongo muzima wanaijua.”

Hakubishana. Alitabasamu kwa meno yale yale, akaenda zake.

Haukupita muda, ukaingia ujumbe wa shefu kwenye simu ya ofisi: kartoni za dawa za malaria apewe dereva wa pikipiki aliye langoni, azipeleke Salamabila. Ilikuwa sauti yake, pamoja na kile kikohozi chake cha kukata maneno. Ningeapa. Nilikuwa nimeshika ufunguo tayari msichana aliposema, “Ngoja kidogo, yaya.” Akampigia shefu kwa namba yake tunayoijua, akamwuliza neno lake. Shefu alikuwa nyumbani anakula ugali, hakutuma ujumbe wowote. Tulipotoka nje, yule dereva alikuwa ameshatoweka na pikipiki yake.

Tangu siku hiyo sikupumua. Shefu alimsifu mbele ya watu. Kila mwenye simu mbovu alimkimbilia yeye. Mama mwuza mandazi, yule yule niliyecheka naye, akaanza kumwekea ya moto, mimi nikaokotewa ya chini ya beseni. Nililala na wivu nikaamka nao. Ningekwenda Kindu mimi, nilijiambia, hayo yote ningeyashika haraka kuliko yeye.

Kisha nikatumwa Wamaza kukagua dawa za kituo cha afya. Nilikuta kipindupindu kimenitangulia. Wagonjwa walilala mpaka barazani, na muuguzi alikuwa amebakiwa na chupa chache za serumu, maji ya kutundikiwa mshipani, ambazo hazingefika kesho jioni. Simu yangu ilikuwa imelowa nilipovuka mto, nikaazima ya mchimba dhahabu mmoja aliyemleta mke wake. Nikaiweka sauti ya juu ili muuguzi naye asikie. Shefu hakupatikana. Ikabidi nimpigie yeye, msaidizi wangu.

“Toa serumu yote uweke kwa pikipiki, watu wanakufa huku!”

“Ni nani anaongea?”

“Ni miye! Haujue sauti yangu?”

“Sauti ninaijua. Neno iko wapi?”

Sikuwa na neno. Nilifoka, nikataja kufuli zote za depo, nikamtaja hadi marehemu mama yangu. “Ile yote mutu anaweza kuiiba,” akasema. Mchimba alikuwa ameshika mkono wa mkewe, ananitazama mdomo. Halafu msichana akauliza polepole:

“Yaya, siku ile nilirudi, kwenye pompi, ulisema walinichagua juu ya nini?”

Kumbe asubuhi ile dirisha la depo lilikuwa wazi, akanisikia.

Muuguzi alinigeukia, na mchimba, na kila mgonjwa aliyekuwa na nguvu ya kugeuka.

“Juu ya meno yako meupe,” nikasema.

“Na ile ingine?”

“Na akili haiko.”

“Ni weye,” akajibu. “Pikipiki inatoka sasa hivi.”

Serumu ilifika kesho yake kabla ya jioni, na mke wa mchimba akapona. Sifa alipewa yeye tena, na sifa hizo zingeniuma kama siku zote. Lakini safari nzima ya kurudi Kasongo niliwaza jambo jingine: asubuhi zote zile alizonisaidia kuinua ndoo, akijua nilichosema, bila kuninunia hata mara moja. Hilo hakulisomea Kindu, na mimi nisingeliweza.

Nilimkuta kwenye pompi. Niliinama sikioni mwake nikamnong'oneza neno langu la siri. Akacheka. Yale meno ni meupe kweli, na wivu ukanishika upya.