Chupa Niliyoichanganya kwa Safari

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kijijini kwetu Ambanoro kwenda sokoni Hell-Ville, mji wa kisiwa hiki hiki, kwangu ni safari ya kuagwa. Kaka yangu alipoandikiwa kipimo cha moyo Mahajanga, ng'ambo ya maji, nilianza kuumwa mimi kabla yake.

Tangu apatwe na shambulio la moyo, ukuta mmoja wa moyo wake ulikuwa hausogei. Daktari alinieleza kwa Kifaransa, nami nikafasiri kwa kile nilichobakiwa nacho cha sekondari: nyama iliyokosa damu huenda imekufa, huenda imelala tu. Watamtia dawa ya kuushtua moyo mshipani, huku wakiutazama kwenye mashine ya picha. Ukuta ukiamka, apelekwe nchi za nje akazibuliwe mishipa. Usipoamka, hakuna la kwendea. "Na vidonge vya kutuliza mapigo aviache siku mbili kabla," aliongeza.

Tatizo ni kwamba kaka hakujua kwamba anavimeza. Alivikataa katakata, alichokubali ni kombe, aya zilizoandikwa na mwalimu wa madrasa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi. Basi nilikuwa nikimsagia vidonge humo, nikijiona mjanja. Boksi la vidonge nililiacha nyumbani, nikajisifu kwa utiifu. Chupa ya kombe ya safari, niliyoichanganya mapema, nikaja nayo. Asubuhi ya kipimo, huko Mangarivotra, mtaa wa Mahajanga tulikofikia, nilimshikia kikombe mwenyewe.

Hospitalini dawa iliingia, ukuta ukabaki vilevile. Daktari alikunja uso. "Ajabu, hata mapigo hayapandi."

Hapo nikaikumbuka chupa, na vidonge nilivyovisagia humo. Niliungama kwa Kifaransa kibovu, kisha ikabidi nimfasirie mgonjwa.

"Kumbe ni wewe!" kaka alisema. "Miezi yote hii namsifu mwalimu kwa dua kali!"

"Msifu tu, kaka. Zafarani ilikuwa yake."

Tukarudi hospitalini baada ya siku tatu, safari hii bila chupa. Mapigo yalipanda, jasho likamtoka. Kuta nyingine ziliruka. Ule mmoja ulitulia. Daktari aliuonyesha kwa kidole, akasema maneno machache. Niliyaelewa yote.

"Mfasiri," kaka alisema, akijifuta kifua, "mbona leo Kifaransa kimekuishia?"

"Anasema pale pamekufa, kaka. Nchi za nje hakutasaidia."

Alivaa shati. Alifunga vifungo polepole, akakosea matundu kuanzia cha juu. Nilivifungua vyote, nikaanza upya.