Jirani yangu Mwajemi wa Shiraz alivyokuwa mgeni wa Mwaka Kogwa hapa Granville

Wakuu, heshima kwenu. Anayetafuta chai aende jikoni, hii ni kweli tupu.

Mimi mtu wa Makunduchi, Unguja, naishi Granville, Sydney. Kwetu tunajiita Washirazi, na kila Julai tuna Mwaka Kogwa, ndiyo Nairuzi, mwaka mpya wetu. Siku hiyo nyumba haikai bila mgeni. Ukila peke yako, umejitakia mkosi.

2014 tulikula peke yetu, mimi na mke wangu. Haukupita muda, mimba ikaharibika.

Mimi nilisema ni mipango ya Mungu. Yeye, nilijua anawaza ile pilau tuliyokula bila mgeni.

2015 ana mimba tena, Mwaka umefika. Nikawapigia Wakenya wote ninaowajua, manesi watupu. "Buda, niko shift." "Buda, roster imenibana."

Pilau imeiva, mke wangu kakaa tu, machozi yanamlenga. Roho iliniuma wakuu.

Nikashuka unit ya chini kwa mzee mmoja Mwajemi, anaishi peke yake. Mkali huyo! Tukicheka kidogo tu anagonga dari na fagio.

Nikajikaza. "Mzee, leo ni Nairuzi yetu, njoo ule nasi."

"Nowruz? Julai? Yetu ni Machi."

"Ndiyo. Sisi Washirazi."

Akanikodolea macho weee. Huku Shiraz ni jina la mvinyo, umejaa kwenye maduka ya pombe, nikajua kaniona mlevi.

Kumbe kazaliwa Shiraz yenyewe!

Akavaa koti, akapanda. Alikula jamani, mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Fagio hakuna!

Akatuhadithia mji wao: miaka elfu moja iliyopita ulikuwa makao makuu ya ufalme, mfalme akajenga maktaba, hospitali na bwawa la kumwagilia mashamba. Alipokufa, wanawe wakagombea kiti, ufalme ukasambaratika.

Nikamuuliza kuhusu wana wa sultani wa Shiraz ambao wazee wetu husema walikuja kwetu na majahazi saba. Akacheka sana.

"Hilo mimi sijawahi kulisikia. Lakini Nairuzi hamkuiota ndotoni, imetoka kwetu."

Binti yetu alizaliwa salama, alhamdulillah. Mke wangu anasema ni baraka ya mgeni. Mimi sibishani naye, nashukuru tu. Mtoto anamwita mzee yule Babu, na Kiswahili cha kuombea maji Babu anacho, kuliko hata huyo mjukuu wake wa "yes Dad".

Sasa Julai iliyopita tunamngoja kama kila mwaka, haji. Mke wangu kaanza wasiwasi.

Mara hodi. Kasimama na mama mmoja mkimbizi, ndiyo kwanza kafika Fairfield hapa jirani, hana ndugu.

Mzee akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi si mgeni tena. Mgeni huyu hapa."

Wakuu, nililia mbele ya watu.

Nilichojifunza: jirani mkali mpelekee sahani kwanza, malalamiko baadaye. Wa "lete ushahidi wa majahazi", mzee mwenyewe kashindwa, msinionee. Na nyie mlio ugenini, nani aliwafungulia mlango? Tiririkeni.